Mke wa Nyangau

Sura ya Tano

Drusilla alishuka barabarani Magwagwa Jumapili asubuhi akiwa amebeba viatu mkononi. Ile mvua kubwa ya mwaka wa tisini na saba ilikuwa imeharibu njia zote, na matope yalifika mpaka kwenye vifundo vya miguu. Valentine alikuwa anamngoja kando ya duka la mbolea na mwavuli wa mama yake. Walisalimiana kwa mkono tu, kama wafanyakazi wa ofisi moja, maana watu walikuwa wanatazama. Lakini mkono wa Valentine ulichelewa kuachia.

"Umependeza," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Nimevaa kama mtu anayeenda kuolewa."

"Na si ndiyo unaenda kuolewa?"

Drusilla akacheka, akafunika mdomo kwa kiganja. Alikuwa amevaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, na kitambaa kichwani kama mama wa kanisa. Valentine alimtazama akatamani ile barabara iwe tupu hata kidogo tu. Haikuwa tupu. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi alisikia ile sauti, akainua kichwa, akamuuliza jirani yake kama huyu si ndiye yule wa vifo.

Ndiye alikuwa yeye. Kila jioni, kutoka Ogembo mpaka Nyamira, watu waliacha kutafuna Drusilla alipoanza kusoma matangazo ya vifo redioni kwa Ekegusii. Fulani mwana wa fulani, mume wa fulani, mazishi siku fulani, nyumbani kwake mahali fulani. Watu walijua sauti yake kabla ya kujua sura yake. Akiuliza tu bei ya nyanya sokoni, wengine walianza kuwawaza watu wao walio mbali.

Nyinyi mnaosoma hapa mtauliza hawa wasichana wawili walijuana wapi. Walijuana Kisii mjini, katika studio ya picha ya mzee Bharat, kupitia kwa mtoto wake Sagar, ambaye alikuwa anapigia magazeti picha. Nyuma ya ile studio kulikuwa na chumba cha giza, kile cha kusafishia picha, na taa nyekundu juu ya mlango. Taa ikiwaka hakuna mtu alifungua, hata Bharat mwenyewe, kwa sababu mwanga ukiingia picha zinaungua. Humo ndani, katikati ya mabeseni ya dawa na picha za harusi za watu zilizoanikwa kwenye kamba, ndimo chama chao kilikuwa kinakutana.

Kwa watu wa nje kilikuwa kikundi cha waandishi wa habari. Na kweli kilikuwa hivyo. Walirekebishana habari zao kabla ya kuzituma Nairobi, na waliokuwa wapya walifundishwa namna ya kumuuliza mkubwa swali bila kufukuzwa ofisini kwake. Lakini kilichowaleta pamoja kilikuwa kingine. Walikuwa wanaume waliopenda wanaume na wanawake waliopenda wanawake, wote wa kazi ya habari, na Kisii nzima hapakuwa na mahali pengine wangeweza kulisema hilo kwa mdomo. Gazeti likiwaandika watu kama wao kwa matusi, walikaa chini ya ile taa nyekundu wakaandika jibu, wakatia jina la mtu ambaye hayupo. Mwenzao akifukuzwa kwao, walimtafutia mahali pa kulala na gazeti lingine la kuandikia. Ndiyo ilikuwa kazi ya chama. Hawakuwa wengi. Walipendana kama watu wanaovuka mto wameshikana mikono.

Humo ndimo Valentine alimsikia Drusilla akiongea bila kusoma kifo cha mtu. Alimsikia akicheka. Tangu siku hiyo hakupona.

Sasa, kwao Valentine kulikuwa na shida. Mama yake, Mong'ina, alikuwa mjane. Alizaa watoto wawili tu, Valentine na Nyangau. Nyangau alikuwa kijana wa lori la majani chai, na lile lori lilianguka naye kwenye kona akafa kabla ya kuoa. Tangu hapo shemeji yake Mong'ina, mzee Ombui, alikuwa anakuja kila mara kumkumbusha kwamba nyumba isiyo na mtoto wa kiume inafungwa, na shamba linarudi kwa ndugu. Kulikuwa na njia moja ya kuifungua tena. Mong'ina angetoa ng'ombe, aoe msichana kwa jina la Nyangau. Huyo msichana angekuwa mke wa nyumba hiyo, na watoto wake wangeitwa watoto wa Nyangau.

Desturi hiyo Valentine alikuwa ameisikia tangu utotoni, vile mtoto husikia mambo ya wakubwa akiwa anasinzia. Hakuwahi kuifikiria mpaka siku gazeti lilipoletwa kwenye chumba cha giza likiwa na habari iliyoandikwa na Mogire. Mogire alikuwa mwenzao wa chama aliyekuwa anaandika mambo ya mahakama. Mjane mmoja wa Nyamarambe alikuwa ameoa msichana, mashemeji wakamshtaki ili wachukue shamba, na mahakama ikasema ndoa ni ndoa. Mogire hakuwepo siku hiyo. Sagar alisoma kwa sauti, na alipomaliza ungesikia picha zikidondosha maji. Mwanamke kuoa mwanamke, kwa ng'ombe, mbele ya wazee, hapa hapa kwetu.

Gazeti lilikuwa limechapa ushindi tu. Sehemu ya mwisho, pale Mogire alipoeleza watoto wa yule msichana walizaliwa vipi, mhariri aliikata apate nafasi ya tangazo la sabuni. Mwandishi yeyote anajua kwamba habari hukatwa kutoka chini. Walikuwa wameambiana hivyo mara nyingi. Lakini siku hiyo furaha ilikuwa nyingi, na hakuna aliyeuliza chini kulikuwa na nini.

Valentine alimwambia Drusilla wakiwa peke yao kwenye ngazi za studio. Alimwambia polepole, kama anamwomba maji. Mama angemwoa Drusilla kwa jina la Nyangau. Drusilla angeishi katika boma lao, na hakuna mtu angeuliza kwa nini hao wawili wako pamoja kila siku, maana wangekuwa mke wa nyumba na wifi yake.

Nyumbani kwao Drusilla, Ogembo, kaka zake walikuwa wamechoka kumuuliza ataolewa lini, na walikuwa wamemtafutia mwanamume mmoja aliyefiwa na mke.

"Nikiamka asubuhi nitakuona ukichota maji?" aliuliza.

"Utaniona."

"Basi. Mengine sitaki."

Hivyo ndivyo walivyofika kwenye Jumapili hii. Walipanda kilima, majani chai huku na huku, mvua ikiwa imepumzika kidogo. Mahali ambapo njia inapita kati ya migomba, Valentine alitazama mbele na nyuma, kisha akamfuta Drusilla tope kwenye shavu kwa kidole gumba. Hapakuwa na tope kwenye shavu. Drusilla alijua, akafumba macho.

Mong'ina alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mwanamke mwembamba, aliyezoea kuuma midomo. Hakumkumbatia mgeni. Alimwomba aseme jambo, lolote. Drusilla akashangaa, akamsalimu kwa heshima, akamuuliza habari ya mvua. Mong'ina alisikiliza akiwa amefumba macho, kichwa kimeinama upande.

"Ni wewe," akasema. "Ulimsoma Nyangau vizuri. Wengine wanasoma watu kama bei ya mboga. Wewe ulipofika kwenye jina lake ulipumua kwanza."

Drusilla hakukumbuka. Alikuwa amesoma wengi, na ukweli ni kwamba mtu hupumua mahali pumzi inapoishia. Lakini angemwambiaje huyu mama? Alisema pole. Mong'ina akamshika mikono yote miwili.

"Usiseme pole, mwanangu. Wewe ndiye ulimtoa hapa kwa mdomo wako. Leo umekuja kumrudisha."

Valentine aliona vinyweleo vya mkono wa Drusilla vikisimama. Akamtania mama yake kwamba anamtisha mgeni hata kabla ya chai. Mong'ina hakucheka.

Ndani kulikuwa na mzee Ombui na wazee wengine wawili wa ukoo, na obokima, ugali wa wimbi, kwenye sinia, na mboga za chinsaga, na kuku. Ombui alikuwa mzee wa kanisa. Aliketi kwenye kochi kubwa, kofia juu ya goti, akasema Sabato ilikuwa jana na jana alifundisha Biblia vizuri, kwa hiyo leo ni siku ya ukoo na mchungaji hana haja ya kuambiwa. Wazee wakacheka. Akamsifu Drusilla kwa vile ana kazi, ana kimo, na anajua kunyamaza mbele ya watu. Akasema faida nyingine ni kwamba wakianza kufa watatangazwa mapema kuliko watu wa ng'ambo ya kilima. Hata Drusilla alicheka. Ng'ombe zikazungumzwa, kaka za Drusilla wakakubaliwa waje wiki ijayo, na kila kitu kilikuwa kinateleza vile Valentine alikuwa ameomba.

Alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni. Kila akiinua macho alikutana na macho ya Drusilla, na kila mara yule mwingine alitangulia kuyaondoa, na kila mara mdomo wake ulikuwa unakaribia kucheka. Valentine alijiambia kwamba watu hufa bila kupata hata siku moja kama hii.

Ndipo Ombui alipopangusa mikono.

"Sasa hilo jambo lingine. Mtu wa kuingia kwa nyumba ni mwanangu Ondieki. Ameketi nje hapo, haya tu inamsumbua. Hanywi, hapigi watu. Bibi yake ameshaambiwa, amekubali."

Kupitia dirishani Drusilla aliona mwanamume mzima amekaa kwenye kigogo, suti yake imebana mabegani, anachora ardhi kwa kijiti. Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa watoto wa Nyangau wangetoka wapi. Alimtazama Valentine.

Valentine alikuwa anatazama sahani yake.

Mong'ina ndiye aliyeinuka kwanza. Alisema mgeni amechoka, amuonyeshe nyumba yake. Akachukua mkoba wa Drusilla, akawaongoza wote wawili nyuma ya jiko mpaka kwenye esaiga, ile nyumba ya kijana ambayo Nyangau alijijengea alipotoka shule. Ilikuwa imepakwa upya. Mlangoni Mong'ina alisimama, akabisha.

"Nyangau. Mgeni wako amefika."

Akangoja. Alingoja kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuvaa shati. Valentine alikuwa amezoea. Drusilla hakuwa amezoea. Upepo ulipita kwenye migomba, mlango ukasukumika wenyewe kidogo, na Mong'ina akaitikia kwa kichwa, akaingia.

Ndani kulikuwa na kitanda kimetandikwa shuka nyeupe, imevutwa mpaka haina kunyanzi hata moja. Shati limepigwa pasi, limetundikwa ukutani. Viatu viwili chini ya kitanda vimepakwa rangi, vinang'aa, na ncha zake zimeelekea mlangoni. Juu ya meza kulikuwa na kikombe cha maji. Mong'ina aliyatazama, akasema leo hakunywa mengi, labda ni kwa sababu ya baridi. Aliweka mkoba, akawaacha wapange nguo.

Drusilla aliketi pembeni ya kitanda. Hapakuwa na kiti.

"Ulijua?" aliuliza.

Valentine alifunga mlango. Akasema waongee kwa sauti ya chini.

"Nimekuuliza kama ulijua."

"Mogire aliniambia. Baadaye. Aliniuliza kama tumefikiria nani ataingia humo, nikamwambia tutaona mbele."

"Na mimi hukuniambia."

"Ningekuambia ungekataa."

Drusilla alicheka kicheko kidogo kisicho na furaha. Alisema katika chumba cha giza walikuwa wamekaa jioni ngapi wakilia kwamba watu wanaandika maisha yao bila kuwauliza. Sasa Valentine ameandika maisha ya mwenzake, na amekata chini.

Valentine alipiga magoti kwenye sakafu mbele yake, akamshika mikono. Maneno yalimtoka yakikimbizana. Alisema wataahirisha. Watasema Drusilla ni mgonjwa, watasema kazi ya redio haimpi nafasi, Ondieki mwenyewe hataki, si amemwona. Mwaka utapita, mzee Ombui atachoka. Alisema hawezi tena kumwona kwa taa nyekundu tu. Amechoka kumpenda kama mtu anayeiba.

"Mimi pia nimechoka," Drusilla alisema. "Unafikiri mimi sijachoka? Nilikuwa tayari kuitwa mke wa marehemu. Nilikuwa tayari kulala hapa peke yangu na hivi viatu. Nilisema huyu kijana atanisamehe, nampenda dada yake. Lakini umenileta niolewe na wewe, Vale, halafu umeniweka kwa kitanda cha wanaume wawili. Mmoja amekufa na mwingine hataki."

"Nakupenda."

"Najua. Hiyo ndiyo inaniuma."

Alimshika Valentine uso kwa mikono miwili, akamwekea paji la uso kwenye paji lake. Walikaa hivyo, pumzi zao zimechanganyika, wote wanalia bila sauti. Nafikiri hata wakati huo mambo yangeweza kutengenezwa. Valentine angeinuka tu, amtoe huyo msichana nje kwa mkono, wapite mbele ya wazee.

Mlango ulifunguka. Mong'ina alikuwa amesimama hapo na blanketi mikononi. Hakuwa amefika sasa hivi. Walijua kwa sababu blanketi lilikuwa limelowa manyunyu, na yeye pia.

Wazazi wenzangu, mimi siandiki haya kuwafundisha watoto wenu mapenzi. Watayajua bila mimi. Ninaandika kwa sababu ya kile Mong'ina alichofanya, kwa sababu hata wewe na mimi tungekifanya, na tungekifanya kwa upole kama yeye. Hakupiga kelele. Hakuita wazee. Aliingia, akafunga mlango kwa mgongo, akaweka blanketi juu ya meza kando ya kile kikombe.

"Nimesikia," akasema. "Nilikuwa nimeanza kujua tangu mlipokuwa mnakula. Mama anaona."

Valentine alijaribu kusema kitu. Mama yake akainua mkono.

"Ngoja. Mimi sitasema kwa mtu. Si kwa Ombui, si kwa kanisa. Mkitaka kulala nyumba moja, laleni, mimi nitakuwa kipofu. Nitawafulia hata shuka." Akalinyoosha blanketi kwa kiganja. "Lakini na nyinyi mnipe mtoto. Mmoja tu. Ondieki aingie mara chache, halafu nitamkataza mimi mwenyewe. Nikisikia mtoto analia ndani ya hii nyumba, Nyangau atapumzika. Hapumziki, Valentine. Wewe unalala, hujui. Anatembea."

Nje, mmoja wa wazee alikuwa anakohoa, na Ombui alikuwa anauliza kama nyumba imempendeza bibi harusi au imeshammeza.

Drusilla alikuwa anamtazama Valentine, na mtazamo huo Valentine angeubeba miaka mingi. Haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyesimama mlangoni na mzigo, akingoja aambiwe auweke wapi. Yote waliyoambiana kwenye ngazi za studio, na vidole vilivyotafutana gizani wenzao wakizungumza, yote yalikuwa yanangojea neno moja kutoka kwa Valentine. Lilikuwa neno fupi.

Valentine alimtazama mama yake, aliyekonda, aliyelowa mvua. Akatazama viatu.

"Dru," akasema. "Mtoto mmoja tu."

Drusilla aliachia mikono yake taratibu, kama mtu anayeweka chini chombo cha kioo. Aliinuka. Akajifunga kitambaa vizuri kichwani, akachukua mkoba wake ambao haukuwa umefunguliwa. Alipoongea na Mong'ina alitumia ile sauti ya jioni, ile ambayo Gusii nzima iliijua, lakini kwa chini sana.

"Mama, siku ile karatasi ya mwanao ilisema hakuacha mke wala mtoto. Nilisoma hivyo, na ilikuwa kweli. Mimi siwezi kurudi nikabadilisha. Mwache alale, Mama. Hatembei. Ni wewe unamwamsha."

Mong'ina alisogea kando ya mlango akampisha. Labda hakukusudia, labda miguu yenyewe ndiyo ilisogea. Drusilla alipita karibu na Valentine bila kumgusa. Harufu ya sabuni yake ilibaki, ile ya majani ya limau, kisha hata hiyo ikaondoka na upepo. Walimsikia akiwaaga wazee kwa heshima. Walimsikia Ombui akiuliza huyu anaenda wapi, kisha akiuliza tena kwa nguvu. Ondieki aliinuka kwenye kigogo chake, akavua kofia, akampisha njia, na wengine wanasema alionekana kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Valentine alikuwa bado amepiga magoti. Masikio yake yalimfuata Drusilla kupita jiko, kupita zizi, mpaka pale migomba inapoanza, ambapo hatua hazisikiki tena. Alijiambia ainuke. Aliambia miguu yake. Alijua kwamba akifika barabarani kabla ya gari kupita, bado ataweza kusema. Lakini angesema nini? Lile neno lilikuwa na mahali pake na saa yake, na saa hiyo alikuwa ameipitisha akitazama viatu vya mtu aliyekufa.

Ombui alikuja mpaka mlangoni, amekasirika, akitaka kujua msichana amepelekwa wapi na ni nani amemkosea. Mong'ina alimjibu bila kugeuka kwamba msichana amekataa, na arudi akamalize kuku. Ombui akasema wasichana wapo, Nyamarambe kuna wengine wadogo zaidi ambao hawaulizi maswali. Akaondoka akinung'unika.

Mama na binti walibaki wenyewe. Mvua ilianza tena juu ya mabati, kwanza tone moja moja.

"Kwa nini umekubali?" Mong'ina aliuliza.

Valentine alidhani hakusikia vizuri. "Si wewe uliomba, Mama."

"Niliomba." Mong'ina alikuwa anatazama ukuta, pale shati lilipotundikwa. "Mimi ni mama, na nimefiwa. Nitaomba kitu chochote. Jana niliomba kikombe kiniongeleshe. Lakini nilikuwa nimesimama hapo kwa mvua nikasikia vile unampenda. Nikasema huyu mtoto atanikataza. Nikiomba jambo baya hivi, atanikataza, na mimi nitanyamaza." Akapangusa uso kwa ncha ya leso. "Ungesema hapana, Valentine, ningesikia."

"Hukuniambia."

"Yule mgeni nilimwambia? Mbona yeye amejua kunikataza? Na wewe ndiye niliyekuzaa."

Mong'ina alijifunga leso kiunoni, na mikono yake ikarudia kazi iliyoizoea. Alichukua kikombe, akamwaga maji nje, akakiweka mahali pake. Akasogeza viatu sawasawa. Kisha akageukia kitanda.

Pembeni, pale Drusilla alipokuwa ameketi, shuka ilikuwa imebonyea, na kunyanzi zilikuwa zimetoka hapo kama miali. Kulikuwa na alama ndogo ya tope upande mmoja, kwenye pindo, kutoka kwa gauni lake. Hapo tu ndipo duniani palipobaki joto lake. Mong'ina aliinama, akashika pembe ya shuka ili aivute inyooke, kama alivyoivuta kila siku tangu lile lori lianguke.

"Hapana, Mama," Valentine alisema.

Alikuwa ameinuka bila kujua. Alikuwa ameweka kiganja chake pale palipobonyea.

Mong'ina alisimama na pembe ya shuka mkononi. Alimtazama binti yake, mvua ikipiga mabati mpaka haikusikika tena sauti ya wazee kule ndani. Kisha akaiachia.